Kiwanja Tanga: maswali yatangulie, hela ifuate

Ukiuliza kiwanja Kange, Pongwe au Mabokweni, jibu la kwanza la dalali huwa "ishirini kwa ishirini". Hasemi ishirini ya nini. Mnunuzi kichwani ameshaweka mita, maana yake mita za mraba 400, na ameshaanza kupanga vyumba. Siku ya kukabidhiana anakuja mtu, anatembea hatua ishirini hivi na ishirini vile, anachomeka vijiti, kazi imekwisha. Hatua ya mtu mzima asiyejivuta ni kama sentimita 80. Ishirini za namna hiyo ni mita 16, na 16 mara 16 ni mita za mraba 256. Zaidi ya theluthi ya kiwanja imeyeyuka na hakuna wa kumshitaki, kwa sababu karatasi nayo imeandika "20 x 20" tupu.

Tepu ya kupimia ya mita 30 ingeliondoa tatizo hilo kwa dakika kumi. Tumelianza hilo kwa sababu ndiyo sura ya karibu makosa yote yanayozikuta familia zenye kipato kidogo. Mara nyingi hela waliyokuwa nayo ilitosha kununua kitu halali, ila ilitoka kwanza, maswali yakaja baadaye. Kwa hiyo tumeanza na maswali ya karatasi, eneo na muuzaji, kisha malipo; bajeti, mkopo na ukaguzi wa jengo vimewekwa mwisho, ingawa navyo vifanywe kabla ya kulipa.

Hasa unanunua nini

Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Raia hanunui udongo. Ananunua haki ya kuumiliki na kuutumia kwa masharti, na haki hiyo inathibitishwa kwa karatasi. Nguvu ya ununuzi wako ni nguvu ya karatasi hiyo, wala haipungui au kuongezeka kwa sababu bei ilikuwa kubwa.

Juu kabisa iko hati miliki, inayotolewa kwenye kiwanja kilichopimwa kwa muda wa miaka 33, 66 au 99. Ina namba ya hati, namba ya kiwanja na namba ya kitalu, na nakala yake iko kwa Msajili wa Hati. Chini yake kuna barua ya toleo, ambayo watu wa mtaani huiita "ofa". Hiyo inasema fulani amepewa kiwanja akitimiza masharti na kulipa tozo. Ofa ambayo tozo zake hazijalipwa miaka kumi si ya kuitegemea sana, hata kama imewekwa kwenye plastiki na kutunzwa kabatini.

Kisha kuna karatasi ya mauziano, iliyoandikwa kwa mkono au kupigwa chapa, ina sahihi za mashahidi na muhuri wa serikali ya mtaa. Sehemu kubwa ya makazi ya watu wa kawaida Tanga yamenunuliwa kwa karatasi hii, na haitakuwa haki kusema haina maana. Inathibitisha kwamba watu wawili walikubaliana. Lakini haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na cha kuuza, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanauona muhuri wa mtaa wanadhani serikali imethibitisha umiliki. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia. Hana mamlaka ya kugawa viwanja, na Sheria ya Ardhi haimpi asilimia ya bei. Akikudai "asilimia kumi ya ofisi", omba stakabadhi ya serikali yenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Mara nyingi mazungumzo hubadilika hapo hapo.

Nje ya mipaka ya jiji, kuelekea Muheza, Mkinga au Pangani, unaweza kuwa umeingia ardhi ya kijiji bila kujua. Huko anayegawa ardhi ni halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na karatasi yake ni hatimiliki ya kimila. Shamba la kijiji lililokatwakatwa vipande na mtu mmoja na kuuzwa kama "viwanja vya makazi" bado ni shamba mpaka mipango miji iseme vinginevyo.

Neno moja la kitaalamu linawachanganya wengi: "ujazo". Kiwanja cha ujazo mkubwa si kiwanja kikubwa. Ujazo unahesabu msongamano wa nyumba, hivyo ujazo mkubwa ni viwanja vidogo vilivyobanana, na ujazo mdogo ni viwanja vikubwa vya kina Raskazone. Kwa familia yenye kipato kidogo, ujazo mkubwa uliopimwa ndio wenye akili: kodi ya pango la ardhi hutozwa kwa ukubwa na eneo, kwa hiyo kiwanja kidogo hulipiwa kidogo kila mwaka.

Ardhi isiyouzika hata kwa bei poa

Kuna sehemu ambazo hata muuzaji akiwa mkweli na karatasi zikiwa safi, hupaswi kununua.

Ya kwanza ni ukanda wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari na kingo za mito. Kwa Tanga hilo linagusa pwani yote na kingo za mito kama Zigi na Mkulumuzi. Kiwanja "chenye upepo wa bahari" kinachouzwa nusu ya bei ya jirani zake kina sababu yake.

Ya pili ni barabara. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 60, yaani 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande, na wauzaji wengi wa barabara ya Segera na ya Horohoro bado wanatumia hesabu ya zamani. Barabara ya Tanga kwenda Pangani na kuendelea hadi Bagamoyo kupitia Saadani imeamsha watu kununua kandokando yake; humo ndimo tepu inahitajika kuliko mahali popote. Anza kupima kwenye mstari wa katikati, usianzie ukingoni. Ukuta wenye alama ya X nyekundu, hata kama imepakwa chokaa juu, si wa kununua.

Ya tatu ni miradi. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, na eneo lote hilo limepandishwa bei na matumaini. Maneno ya dalali kwamba "serikali italipa fidia hapa" hayafai kuwa sababu ya kununua. Fidia hulipwa aliyekuwepo wakati wa uthamini, na hulipwa kwa hesabu ya mthamini. Aliyenunua kwa bei ya uvumi hujikuta pungufu.

Maswali haya yote yana ofisi yake. Ni idara ya mipango miji na ardhi ya Halmashauri ya Jiji: peleka eneo kamili, uliza ramani ya mipango miji inasema pale ni nini. Kiwanja kinaweza kuwa makazi machoni na kwenye ramani kikawa shule, makaburi au njia ya maji. Ikiwezekana mpima akusomee alama za mipaka, zile bikoni za zege zenye namba. Bikoni hung'olewa na kusogezwa. Namba iliyo kwenye zege lazima ifanane na iliyo kwenye ramani ya upimaji.

Anayeuza ni nani

Nyumba za Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini na moja, ni somo zima kwa mnunuzi. Nyingi ni nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba kushoto na kulia, zilizojengwa na babu ambaye hayupo tena. Anayekuja kuuza ni mmoja wa wajukuu, na ana barua ya kikao cha ukoo yenye sahihi kumi na mbili.

Kikao cha ukoo kinapendekeza tu. Anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa Mahakama ya Mwanzo uthibitisho wake ni Fomu Na. 4. Omba kuiona, chukua namba ya shauri, nenda mahakamani kaulize. Uliza pia kama warithi wote wanajua, maana shangazi aliyeolewa Mombasa ana fungu lake, na sheria inampa mtu miaka 12 kudai ardhi. Miaka 12 ni mingi. Watoto wako watakuwa wameshakua ndani ya nyumba hiyo.

Pwani kuna jambo jingine la ziada: wakfu. Nyumba iliyowekwa wakfu, kwa msikiti, kwa madrasa au kwa kizazi, haiuzwi na mrithi yeyote. Wazee wa mtaa na wa msikiti wa jirani hulijua hili kabla ya ofisi yoyote. Kaa nao barazani, salimia, uliza polepole. Saa moja ya kahawa chungu imeshaokoa pesa za wengi.

Kama muuzaji yu hai na ana ndoa, mwenzake lazima aridhie. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila idhini ya mwenzake. Idhini hiyo iandikwe na kusainiwa, mwenyewe akiwepo. "Mke wangu yuko safari, hana shida" si idhini. Mke wa pili naye aulizwe, hasa kama ndiye anayelala humo.

Upekuzi, mkataba, kisha hela

Kiwanja chenye hati kinafanyiwa upekuzi kwa Msajili. Zamani hati za Tanga zilikuwa chini ya ofisi ya kanda iliyoko Moshi, na ndiyo maana mafaili mengine ya zamani yana historia ya kule. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, kwa hiyo Tanga unamalizia Tanga. Unajaza ombi ukitaja namba ya hati, unalipa ada ndogo, unapewa majibu ya maandishi: mmiliki ni nani, kuna rehani ya benki au hakuna, kuna zuio au hakuna, kodi ya pango imelipwa hadi lini. Malimbikizo ya pango hufuata kiwanja. Ukinunua bila kuuliza, deni la miaka minane ni lako.

Usitumie nakala ya upekuzi aliyoifanya muuzaji mwenyewe "kukusaidia". Lipia wako.

Kwa kisichopimwa hakuna rejista ya kupekua. Hapo upekuzi ni watu: majirani wa pande zote nne, mjumbe, mtendaji wa mtaa, karatasi ya mauziano aliyonunulia muuzaji, na ya aliyemuuzia huyo. Majirani wanne wasimame kwenye mipaka, waseme na wasaini. Tanga ni ya waja leo waondoka leo, lakini jirani wa mpakani haendi popote. Ndiye shahidi wako wa kwanza siku ya kesi.

Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi. Mwandishi awe wakili, na gharama yake mkubaliane kabla. Ndani yake kuwe na vipimo kwa mita, mipaka, bei yote, awamu za malipo, na nini kitatokea upande mmoja ukishindwa. Bei iandikwe ya kweli. Watu hushawishiwa kuandika milioni 2 kwenye kiwanja cha milioni 6 ili kukwepa kodi. Kwanza haisaidii, kwa sababu mthamini wa serikali ataweka thamani yake. Pili, mauziano yakivunjika, karatasi inakuruhusu kudai milioni 2.

Hela isitoke kwa mkupuo. Utaratibu unaofanya kazi ni sehemu ndogo wakati wa kusaini, kubwa zaidi baada ya nyaraka za uhamisho kusainiwa na kukabidhiwa kwa wakili, na kiasi cha mwisho uhamisho ukikamilika. Ipitie benki, kwa jina lile lile lililo kwenye hati na kitambulisho cha NIDA. Muuzaji anayetaka taslimu leo kabla ya saa kumi ana haraka ambayo huijui.

Uhamisho wa kiwanja chenye hati unapita kwenye fomu za ardhi Na. 29 (taarifa ya uhamisho), Na. 30 (maombi ya kibali) na Na. 35 (hati ya uhamisho yenyewe), pamoja na mkataba, hati halisi, taarifa ya mthamini na stakabadhi za kodi. Mpaka Msajili aingize jina lako, kwa sheria milki haijahama, hata ukiwa umeshahamia na kuku wako. Shughuli ikionekana itachelewa, wakili anaweza kukuwekea zuio kwenye rejista ili muuzaji asimgeukie mnunuzi mwingine. Ni hatua ya gharama ndogo, nasi tunashangaa kuona jinsi inavyotumika kwa nadra.

Wanandoa waandikwe wote wawili. Kuna milki ya pamoja, ambapo mmoja akifariki aliyebaki anabaki na mali yote, na kuna milki ya hisa, ambapo fungu la kila mmoja huenda kwa warithi wake. Chagueni mkijua, msiachie karani achague.

Kodi na bajeti yenyewe

Faida ya kuuza ardhi hutozwa kodi ya asilimia 10 kwa mkazi, na asiye na kumbukumbu za gharama zake hutozwa asilimia 3 ya thamani. Hii kisheria ni ya muuzaji. Makazi binafsi ya mtu aliyoyamiliki na kuishi humo miaka mitatu husamehewa faida isipozidi milioni 15. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, na huo kwa desturi hulipa mnunuzi. Mkataba useme wazi nani analipa nini, maana "mauzo ni yangu, kodi ni zako" ni sentensi inayosemwa ofisini wakati mnunuzi hana tena senti.

Kwa hiyo mwenye milioni 6 mkononi asitafute kiwanja cha milioni 6. Atenge fungu la wakili, upekuzi, uthamini, stempu na ada za hati, abakize na akiba ya nauli na kuumwa. Cha milioni 5 kilichokamilika ni bora kuliko cha 6 kilichokwama.

Viwanja vya kampuni vinavyouzwa kwa awamu si vibaya. Uliza mambo manne tu: upimaji umeidhinishwa au bado ni mchoro, ardhi iko kwa jina la nani sasa hivi, bei inahusisha hati au hati ni juu yako, na ukikosa awamu mbili, unarudishiwa kiasi gani. Jibu la swali la nne ndilo linalojulisha kampuni ni ya namna gani.

Mkopo

Mkopo wa nyumba wa benki upo, na tangu 2010 kuna taasisi ya TMRC inayozikopesha benki ili zikopeshe kwa muda mrefu. Lakini hesabu ni ngumu. Milioni 30 kwa asilimia 15 kwa mwaka, miaka 15, ni kama shilingi 420,000 kila mwezi, na ukimaliza umelipa takriban milioni 75.6. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kuanzia Julai 2025 ni 500,000. Kwa muuza samaki wa Deep Sea au fundi wa Makorora asiye na hati ya mshahara, mlango huo haujafunguka kabisa.

Hivyo wengi hukopa kidogo kidogo, SACCOS, VICOBA, taasisi ndogo. Hapa swali ni moja: riba inahesabiwa kwenye deni linalobaki, au kwenye deni la mwanzo mpaka mwisho? Chukua milioni 5 kwa asilimia 2 kwa mwezi, miezi 24. Ikihesabiwa kwenye deni linalopungua, utalipa kama 264,000 kwa mwezi na riba yote ni milioni 1.34 hivi. Ikihesabiwa kwenye deni la mwanzo, ni 308,000 kwa mwezi na riba milioni 2.4. Tangazo la zote mbili linasema "asilimia 2". Uliza jumla ya shilingi utakazorudisha, achana na asilimia.

Kabla ya kukopa, fanya jaribio la miezi sita: kila mwezi weka pembeni kiasi kile kile ambacho rejesho litadai, usikiguse. Ukishindwa mwezi wa tatu kwa sababu ya ada za shule, umejua ukweli bila kupoteza kiwanja. Ukiweza, umepata na kianzio.

Pagale na nyumba ya pwani

Pagale huvutia kwa sababu kuta zimeshasimama. Kwaruza tofali kwa ufunguo: likimwagika unga kama sukari guru, mfuko mmoja wa sementi ulitoa tofali nyingi mno. Angalia kama lenta inazunguka kuta zote. Uliza mchanga ulitoka wapi, kwa kuwa mchanga wa bahari una chumvi inayokula nondo, na dalili yake ni nyufa zinazofuata mstari wa nondo na madoa ya kutu. Bati la geji 30 karibu na bahari halidumu. Pigia hesabu geji 28. Kibali cha ujenzi kiwepo, la sivyo unanunua na faini.

Kiwanja kitupu kitembelee wakati wa masika, Machi hadi Mei, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Uliza wachimba vyoo wa eneo hilo wanakutana na mwamba wa matumbawe kwa kina gani. Shimo la choo kwenye mwamba hula pesa ya msingi mzima, na kisima cha karibu na bahari kinaweza kutoa maji ya chumvi. Pima pia umbali hadi nguzo ya TANESCO na bomba la maji, kwa maana kila nguzo ya ziada ina bei yake.

Asiyemudu wakili kwa kila swali asikae kimya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaotoa ushauri bila malipo, na kliniki za ardhi za wizara zikitangazwa mkoani, afisa ardhi, mpima na msajili hukaa sehemu moja. Nenda na nakala za kila karatasi, picha za bikoni, majina ya majirani wanne na maswali yameandikwa. Hati ikishatoka, soma ukurasa wa masharti: kwa kawaida unatakiwa kumaliza kujenga ndani ya miezi 36, na kodi ya pango inaanza kuhesabiwa mwaka huo huo, uwe umejenga au umepanda mihogo.